Lalamiko Ninalolipeleka Juu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kampuni. Nahodha wetu, ambaye leo umekubali kukaa kwenye kiti cha kawaida kama sisi wengine. Mhandisi Mkuu na vijana wako wa chini, ambao huwa tunawakumbuka injini ikinyamaza. Daktari wa meli. Wapishi, wahudumu wa vyumba na mabaharia. Ndugu abiria mliochelewa kushuka makusudi ili mniage. Wanangu wa dawatini. Na wewe mume wangu, uliyepanda meli hii leo kwa mara ya kwanza na tayari umeshapotea njia ya kwenda msalani: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka, anajua dawati la malalamiko liko wapi.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame juu. Hapo darini, juu ya meza ya wapishi. Mnauona huo mwanga unaotembea? Ni maji ya nje yanayourusha ndani kupitia madirisha. Meli imefungwa gatini, injini imelala, mizigo inashushwa, lakini maji hayana habari kwamba safari imekwisha, yanaendelea tu kuchezesha mwanga. Niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mwenye sare iliyonipwaya, nikasimama nimeduwaa na trei mkononi mpaka chai ikapoa. Leo nimestaafu, na bado naduwaa. Nikienda nyumbani likizo, kitanda kikitulia mno usingizi unanikataa. Huyu bwana hapa huwa ananiuliza, "Sasa mke wangu, nikutikise?" Kuanzia leo, mume wangu, jiandae kutikisa.

Ndugu zangu, kazi yangu kwenye meli hii ilikuwa kusikiliza. Wengine wanapika, wengine wanaongoza chombo, mimi nilikaa nyuma ya dawati, na mbele yangu palikuwa na kiti kimoja ambacho hakinitazami mimi, kinatazama dirisha. Mama aliyenitangulia ndiye aliyekigeuza, akaniambia, "Mtu mwenye hasira usimwekee uso wa mtu mbele yake, mwekee bahari." Basi mtu akija amefura, namketisha, namtilia maji kwenye glasi, nasubiri anywe. Hasira nyingi ziliishia kwenye glasi ile. Zilizobaki tulizitafutia dawa: mto mwingine, meza nyingine, samahani ya kweli. Na utaratibu wetu, kama mnavyoujua, ni kwamba lalamiko likinishinda dawatini nalipeleka juu, kwa Nahodha, na likimshinda Nahodha linakwenda kwa Mheshimiwa Mkurugenzi. Nasema kwa kujigamba kidogo, na mnisamehe: sikuwahi kupeleka juu hata moja.

Na nimeyasikia malalamiko! Kuna bwana harusi aliyekuja kudai mwezi. Jana yake ulikuwa dirishani kwake, leo umehamia kwa majirani, na yeye alilipia chumba chenye mwezi. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyesema samaki wa huku wanaruka bila mpangilio. Kuna mama aliyeniomba turudi nyuma kidogo tu, tukatazame tena kisiwa alichokiona alipofumbua macho asubuhi: kisiwa cha kijani, na moshi mwembamba wa jiko la mtu ukipanda. Nilimfungulia ramani. Kisiwa hakikuwepo. Aliitazama ramani, akanitazama, akasema, "Basi ramani yenu ina upungufu."

Niliwacheka? Nilicheka, jamani, tena sana, nikishafunga mlango. Lakini yule mama wa kisiwa alinikaa moyoni. Nilipofikiri vizuri niliona kwamba hakuwa analalamika hata kidogo. Alikuwa ameona kitu kizuri, kikampita akiwa bado na usingizi, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Tangu siku hiyo, mtu akianza kulalamika huwa nasubiri aimalize sentensi yake, halafu nasubiri tena kidogo, kwa sababu...

Naam? Nimekusikia, mzee wangu wa nyuma pale. Anasema, "Mbona sauti haifiki huku?" Kijana wa mitambo, tafadhali mwongezee mzee sauti. Inafika sasa? Anasema imezidi. Haya, ndugu wageni, kwa wasiomjua, mmekwisha kumjua: huyo ndiye Mzee Mbona.

Mzee Mbona alikuwa mkaguzi wa majengo. Maisha yake yote ameajiriwa kutafuta nyufa, na kustaafu hakukumwachisha. Mbona supu ina moto? Mbona supu imepoa? Mbona ngazi hii inapiga kelele na ile haipigi? Wahudumu wakimwona anakuja kwenye korido walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi upande wa pili. Na katika safari ninayotaka kuwasimulia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mmoja, mshonaji wa sare za shule, mjane, ambaye watoto wake walichanga wakamleta apumzike. Huyu tulimbatiza Bibi Inatosha. Ukimwongezea chai, "Inatosha, mwanangu, asante." Ukimuuliza kama blanketi ni zito, "Linatosha, Mungu akubariki." Hata mvua ilipotunyeshea sitahani akafurahi, akasema ilikuwa inamtosha.

Sasa, watu wa vyumba walikuwa na desturi yao, ya zamani kuliko mimi. Milango ya abiria waliigawa kwa majina: milango mizito na milango myepesi. Mlango mzito ni wa mlalamikaji. Huo unagongwa mapema, unapelekewa taulo zilizo laini na mhudumu mwenye subira. Mlango mwepesi ni wa mtu anayeshukuru. Huo unaachwa mwisho, kwa kuwa mwenyewe hana neno. Mnaona tulivyokuwa tunafanya? Anayetukaripia tunampa asubuhi yetu, anayetubariki tunampa uchovu wetu. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya! Ilionekana ni akili ya kazi tu, na kila mgeni aliyeajiriwa alifundishwa hivyo siku ya kwanza.

Asubuhi moja Mzee Mbona akaja dawatini na ndala, shati halijafungwa vifungo. Siku zote tatizo lake lilikuwa Bibi kuimba. Maana Bibi alizoea kushona akiwa amebana pini midomoni, kwa hiyo anaimba mdomo umefungwa, mmm, mmm, wimbo mmoja usio na mwisho, kila alfajiri, na ukuta ni mwembamba. Mzee alikuwa ameshalalamika mpaka tukamzoea. Asubuhi hiyo akasimama pale, kiti hakukitaka, maji hakuyataka, akasema, "Mbona jirani yangu haimbi?"

Binti yangu wa dawatini, huyo aliyevaa kilemba cha buluu, akashindwa kujizuia. Akamwambia, "Lakini babu, jana umelalamika anaimba, leo umelalamika haimbi. Tukufanyie nini?"

Mzee akamwambia, "Mnifanyie kufungua mlango."

Tukaenda, sisi watatu. Bahari ilikuwa shwari siku hiyo, korido ndefu, zulia limemeza nyayo zetu, na meli inapumua taratibu kama mtu aliyelala. Nakumbuka niliwaza kwamba hakuna baya linaloweza kutokea kwenye utulivu wa namna ile. Mhudumu wa vyumba akatuambia, "Huo mlango mwepesi, mama. Nimeshagonga, akasema yuko sawa, niendelee na wengine." Nikagonga mwenyewe. Na kweli, ndani ikatoka sauti, ya upole kama kawaida yake: "Niko sawa, mwanangu. Asante. Endeleeni na wengine."

Nikageuka niondoke. Nani asingegeuka? Ameulizwa, amejibu, ameshukuru. Mzee Mbona hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na kitasa, akanikamata mkono, akasema, "Mbona sauti inatoka chini?"

Tukafungua. Bibi alikuwa amelala kwenye sakafu ya bafu, mguu umekunjika vibaya, midomo imekauka. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Na neno la kwanza alilotuambia, ndugu zangu, lilikuwa pole. Alitupa pole kwa sababu taulo zimelowa. Daktari, uliyekaa hapo mbele, ndiye uliyetuita nje ukatuambia kwamba angeachwa mpaka zamu ya jioni, bandarini tungeshusha jeneza. Mhudumu wetu alikaa chini kwenye zulia akalia, nami nikakaa naye.

Jioni nikaenda kumwona Bibi kwenye chumba cha wagonjwa. Nilikuwa nimekasirika, nawaambia ukweli. Nikamwambia, "Bibi, mbona hukupiga kelele? Kuna kengele pale ukutani, kuna sisi wote!" Akanitazama kama mtu anayerudi kutoka mbali. Akasema, "Nilikuwa nawasikia mnavyohangaika na watu. Nikajisemea, hawa wamenipa bahari nzima, nianze tena kuwadai na mkono wa kuniinua? Nikalala nikatazama juu. Kulikuwa na mwanga darini, unacheza. Nikaona niko kwenye chumba changu cha kushonea, watoto wangu wadogo, kitambaa cheupe kinapita kwenye cherehani, kinapita, hakiishi. Palikuwa pazuri, mwanangu. Ningekaa."

Ningekaa! Neno hilo sijawahi kulizoea. Huo mwanga niliowaonyesha mwanzoni, ambao nimeupenda toka ujana wangu, ndio uliokuwa unambembeleza yule bibi aondoke taratibu bila kumsumbua mtu. Na aliyemrudisha ni mtu wa kero, asiyeridhika na supu.

Tukaiacha ile desturi siku hiyohiyo. Nahodha alitoa amri, na mpaka leo kwenye meli hii wanaosema "inatosha" ndio wanaogongewa kwanza, na mhudumu haondoki mlangoni mpaka amwone mtu kwa macho. Mimi sikuja hapa kuwaambia abiria waache kushukuru. Shukuruni, jamani, tunaishi kwa hizo asante zenu. Kuna siku asante moja ya kwenye ngazi imenivusha mpaka jioni. Sikuja pia kumfanya Mzee Mbona mtakatifu, maana atauliza mbona taji linambana. Ninachosema ni kidogo tu: Mzee alitusumbua kwa sababu alikuwa anatusikiliza. Alimsikiliza Bibi vizuri zaidi kupitia ukutani kuliko tulivyomsikiliza sisi kupitia mlangoni.

Mheshimiwa Mkurugenzi, sasa nakuja kwako, na nakuja kwa heshima zote. Nimesikia kwamba nikishashuka, dawati litaondolewa. Pale patawekwa kioo chenye sura tatu, mtu abonyeze: inayocheka, iliyonyamaza na iliyonuna. Ni kizuri, nimekiona, hakichoki na hakiombi likizo. Lakini nakuuliza, Mheshimiwa: Bibi Inatosha, akiwa amelala kwenye ile sakafu, kama angefikia kile kioo kwa mkono wake, angebonyeza sura gani? Wote humu tunajua. Angebonyeza inayocheka. Na kioo kingeshukuru, kikaendelea na wengine.

Bibi yumo humu. Yuko pale nyuma na fimbo yake, kiti kwa kiti na Mzee Mbona. Safari hizi za karibuni wanaomba wenyewe vyumba vya ukuta mmoja, na mimi siulizi. Leo asubuhi, wakati nakunja kitambaa cha dawati langu, nikamwona anakuja polepole. Sikuwahi kumwona pale. Akakaa kwenye kile kiti, akatazama dirisha kwa muda mrefu. Nchi ilikuwa imeanza kuonekana, bado haina rangi, ukungu tu wenye umbo la milima. Nikadhani amekuja kuniaga. Akasema, "Mwanangu, nina lalamiko."

Nikamtilia maji kwenye glasi, kama kawaida. Hakunywa. Akasema, "Wewe ukishuka, nani atanigongea?"

Mheshimiwa Mkurugenzi, nilikuwa na majibu ya mwezi, ya samaki na ya kisiwa. Hilo sikuwa na jibu lake. Binti yangu mwenye kilemba cha buluu yuko tayari, nimemfundisha kila ninachokijua, na siku hizi hacheki mpaka awe amesikia mpaka mwisho. Lakini kumpa kiti changu si uwezo wangu, ni uwezo wako. Kwa hiyo nafuata utaratibu. Hili limenishinda, na ninalipeleka juu. Ni la kwanza kwangu na ni la kwanza kwa Bibi.

Kwa wenzangu wote, kwa kunibeba muda wote huu juu ya maji, nashukuru, na sitasema inatosha. Mmenipa masikio yenu, asanteni sana. Sasa naomba niketi, Mheshimiwa, nisikilize jibu. Bibi naye anasikiliza. Glasi yako ya maji iko hapo mbele yako.