Pikapu ya Tuinuane Haiwashwi Kabla ya Kupimwa Oili

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi mliofuatana naye. Wazee wetu, shikamooni. Wanakikundi na majirani zetu,

KARIBU CHIUNGUTWA

Tumefurahi kukuona, ingawa vumbi letu limekutangulia mabegani. Umepita njia ile ile wanayopita wagonjwa wetu, kwa hiyo mashimo hatuna haja ya kukusimulia.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki cha Tuinuane kilianzishwa na akina mama wabangua korosho. Baadaye wanaume wakaomba kuingia, tukawapokea. Kwa jasho letu tulinunua pikapu iliyokwisha kutumika. Msimu wa korosho hubeba magunia. Mwaka mzima hubeba wagonjwa kwenda hospitali, Mkomaindo.

Dereva ni mwenzetu Anjelina, Mama Erasto. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta, hukichovya tena, ndipo akakisoma. Wapo waliomcheka wakisema anaonja mchuzi.

YALIYOTUPATA

Masika yaliyopita Nuria alishikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto amelala kikingamo, apelekwe Mkomaindo upesi. Mumewe, Bwanali, ambaye ni Baba Fatu, akapanda naye nyuma, kwenye godoro. Oili ilikuwa imepimwa asubuhi hiyo na ilitosha. Lakini kabla ya kufika nusu ya njia, taa nyekundu ya oili ikawaka. Anjelina akaegesha, akazima injini.

Bwanali akaruka chini. "Mama Erasto, endesha. Mke wangu anakwisha."

"Nikiendesha hivi injini inakufa, Baba Fatu, na hapa gari jingine halipiti. Niletee lile dumu la oili."

Akachomoa kijiti, kikatoka kikavu. Akajilaza matopeni chini ya gari, akaona nati ya kumwagia oili imelegea, inavuja. Akaikaza kwa spana, chuma cha moto kikimbabua vidole, huku akimsikia Nuria akigumia juu yake. Akajaza oili, akaiacha ishuke, akapima. Alipowasha, taa ikazimika.

Nuria alifika, akapasuliwa, akapata mtoto wa kiume. Mama na mwana ni wazima.

MAGUMU YETU

Nati ile ililegea kwa sababu oili tunabadilishia mchangani, chini ya mikorosho, tukiwa tumelala chali. Mchanga uliingia kwenye nyuzi za nati, ikaonekana imekaza kumbe bado.

Hata hivyo, katika kikao kilichofuata wapo waliotaka Anjelina anyang'anywe funguo, apewe mwanamume asiyesimamasimama njiani. Bwanali alikuwa mmoja wao. Ndipo Nuria akainuka, mtoto mgongoni.

"Aliposimamisha gari nilidhani nimekwisha," alisema. "Lakini asingesimama, tusingefika. Siku nyingine atakayenipeleka ni huyu huyu."

Kesho yake Bwanali alikuja na jembe, akaanza kuchimba shimo la kubadilishia oili, mtu asimame humo chini ya gari badala ya kulala mchangani.

MAOMBI

Shimo limekwisha, na matofali tumechoma wenyewe. Tunaomba saruji na mabati, gari lihudumiwe mahali pakavu pasipo mchanga. Tunaomba pia Anjelina apatiwe nafasi ya mafunzo ya ufundi wa magari, pamoja na Winfrida ambaye anajifunza udereva kwake.

Mgeni rasmi, huenda ukashauriwa kwamba gari hili likabidhiwe mikono mingine. Katika hilo hatuna ombi. Funguo zitabaki kwa Anjelina; tumekwisha kuamua, tunakuarifu tu.

Mungu akufikishe salama kwa watu wako, akulinde wewe na hao wanaokungoja, na aibariki kila njia inayompeleka mgonjwa kwenye tiba.

Ni sisi,
Kikundi cha Tuinuane, Chiungutwa.
Imesomwa na Cecilia, katibu.