Kaburi la Velichka Lisiguswe Kabla ya Julai

Baba Padri, ndugu, majirani na marafiki mliopanda kilima hiki kutusaidia kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ni Nevena, mwanawe wa pili, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nayo yalikuwa maisha ya furaha, kwa hiyo atakayecheka asione haya.

Marehemu Velichka Karamfilova alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 hapa hapa Lyaskovitsa, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1963, akajifunza kufuma mjini Smolyan, kisha akafanya kazi katika karakana ya mablanketi ya ushirika wetu hadi alipostaafu mwaka 2003. Tarehe 3 Oktoba 1970 alifunga ndoa na baba yetu, Zapryan, fundi mawe, mtu asiyeweza kuona jani moja limechomoza kati ya mawe mawili asiiname akaling'oa, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Kostadin na mimi.

Mwaka 1980 bibi yetu mzaa baba alifariki, na Mei iliyofuata marehemu alitumwa kupalilia kaburi lake kabla ya Jumamosi ya Wafu, maana kwetu kaburi lenye magugu ni aibu ya ukoo mzima, lakini alipoinama kung'oa metlichina, lile gugu la maua ya zambarau, alikuta majani yake yamejaa viwavi weusi wenye miiba, wanakula zao kwa raha, akarudi nyumbani na jembe safi. Baba akamuuliza, "Vela, ulikwenda kupalilia au kupiga soga?" Naye akajibu, "Mama ana wageni, nitawafukuzaje?"

Jumamosi ya Wafu ilipowadia, shangazi Stamena, dada yake baba, aliwaka mbele ya Padri na kijiji kizima, "Wifi, kaburi la mama yangu umeligeuza malisho ya mbuzi, huna hata haya!", na kabla hajamaliza, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi aliinuka kutoka kwenye yale magugu akatua juu ya kitambaa chake cheusi cha kichwani, ikawa shangazi hathubutu hata kugeuza shingo, sala zikaisha, ngano ya kuchemsha ikagawiwa, divai ikamiminwa kaburini, yeye kasimama wima, ananong'ona bila kufungua mdomo vizuri, "Wifi, bado yupo?", na marehemu anamjibu, "Bado, tulia, umependeza." Walishuka kilima wameshikana mikono, wanacheka, na tangu siku hiyo wawili hao ndio waliotawala makaburi haya, ikawa hakuna jembe linalopita langoni hadi Julai, vipepeo wote wawe wameshatoka.

Baba peke yake hakukubali. Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2022, akalazwa mara mbili, na muda wote huo alikuwa na ombi moja tu, kwamba kaburi lake pia lisipaliliwe kabla ya Julai. Baba alimwambia, "Watu watasema nimekusahau." Mama akasema, "Waache waseme, wewe si unajua?" Baba akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji, na hadi mama alipofariki usingizini tarehe 11 Aprili 2024 hakuwa ametoa jibu, jambo lililomuumiza sana mama, nalisema wazi kwa kuwa aliniambia mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea supu ya maharage bila kuchoka, wafumaji wenzake waliofuma blanketi alilofunikwa, na shangazi Stamena, ambaye leo amekataa gari akapanda kwa miguu yake.

Limebaki tangazo moja. Jana asubuhi, kabla wachimba kaburi hawajaanza, baba alikuja hapa peke yake, akapiga magoti, akachimbua metlichina zote zilizokuwa mahali hapa, kila moja na udongo wake na viwavi wake, akazipanga kwenye mabeseni mnayoyaona pale ukutani, na ameniagiza niwaambie kwamba tukishafukia atazirudisha kwa mikono yake, na atakayeleta jembe hapa kabla ya Julai atakutana naye.

Mama, baba amekubali. Pumzika kwa amani.