Mwalimu Mkamburi na Neno Lililomnyima Usingizi

Mwalimu Abigael Mkamburi Mwakio alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mgange, mtoto wa tatu wa Mzee Gilbert na Mama Wakesho.

Alisoma hapo hapo Mgange, akahitimu ualimu mwaka 1980. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Siku ya mtihani wa darasa la saba alifika alfajiri, akakuta mlango umefungwa, akaangua kilio akidhani wenzake wameshamaliza.

Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minane, mingi ikiwa katika shule ya Kishushe. Hakupenda neno likaririwe tu. Alitaka wanafunzi wajue lilikotoka.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Zephaniah Mwakio, fundi wa mabomba.

Baada ya kustaafu alichaguliwa katibu wa kamati ya ranchi ya wanakijiji. Tarehe 18 Aprili 2024 kampuni ya madini ilileta karatasi iliyosema kwamba "community", yaani jamii, imekubali madini yachimbwe humo. Ukumbini, mbali na yeye, walikuwa wanaume kumi na tisa tu.

"Weka sahihi, Mwalimu," mwenyekiti, Bwana Morris, akamwambia. "Hilo ni neno tu."

"Neno hili asili yake ni Kilatini," akajibu. "Ndani yake mna wajibu: watu wanaobeba mzigo mmoja. Kisima kikichafuka, nani ataumia? Wafugaji je? Wajane wa kule bondeni? Hao hamjawauliza."

Akarudisha kalamu. Lakini usiku ule nyumbani hakupata usingizi. "Baba Shanice," alimwambia mumewe, "na kama nimewanyima vijana kazi?"

"Na kama ungetia sahihi?"

"Hapo pia ningeogopa."

Akazunguka boma kwa boma akiandika majina ya wote waliopaswa kuulizwa, huku pumzi zikimkatika. Mwezi Mei madaktari waligundua moyo wake umechoka, na tarehe 6 Julai akalazwa hospitalini Voi. Mkutano wa pili ulifanyika tarehe 13, yeye akiwa kitandani, simu mkononi, akiuliza saa kila mara.

Jioni Bwana Morris alipiga. Watu mia tatu na arobaini walikuja, wakaamua hakuna kuchimba mpaka maji yapimwe.

"Mama Muinde, yule mjane wa bondeni, alifika?"

"Alifika, Mwalimu. Ndiye aliyezungumza wa kwanza."

Akashusha pumzi, akaomba uji. Jumanne asubuhi, tarehe 16 Julai, alituacha.

Ameacha mume wake, Zephaniah. Watoto wake Shanice, Lewis na Immaculate. Wajukuu wanne, na dada yake Peris. Mwenyezi Mungu ampe mapumziko, na woga usimfikie tena.