Karani Aliyewafuata Washirika wa Ipole

Tarehe 31 Desemba 1977 Mama Getruda Lukumani anastaafu ukarani wa Kanisa la Presbiteri Itetemia, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi kumi. Amefanya kazi na wachungaji sita. Wote aliwapokea stesheni, na wote aliwaonyesha mahali pa kutia saini.

Kanisa letu lilianza mwaka 1912, mwaka reli ilipofika Tabora. Sharika zake zilienea kwa kufuata njia za zamani za misafara, mwendo wa siku moja kutoka usharika hadi usharika, pale pale walipokuwa wakilala wapagazi. Mama Getruda alipoajiriwa, Machi 1946, sharika zilikuwa nane na kumbukumbu zake zote zilikaa ndani ya sanduku la sabuni. Yeye ndiye aliyezitafutia kabati.

Uhuru ulitukuta na vyeti vya ubatizo mia nne vilivyochapwa maneno ya utawala wa kikoloni kichwani. Jumatatu ya kwanza baada ya sherehe, Mama Getruda alichukua rula na wino mwekundu, akayakata maneno hayo cheti kimoja kimoja na kuandika Tanganyika. Mwaka 1964 vyeti vilikuwa bado havijaisha, akachukua rula tena na kuandika jina jipya la Muungano. Waliobatizwa mwaka huo wana vyeti vyenye vichwa vitatu, viwili vimekatwa, na wanaringa navyo.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni ya mwaka 1975. Mwaka uliotangulia watu wa usharika wetu wa Ipole walihamia vijiji vya ujamaa. Huko walipata shule na kisima cha karibu, na tulishukuru. Ila usharika wao wa miaka hamsini ulitawanyika katika vijiji vitatu, na kanisa lao la udongo likabaki peke yake kwenye mahame. Machi ikaja barua ya Presbiteri, baraza lililo juu yetu: wasipopatikana washirika thelathini wa kuketi pamoja kwenye Meza ya Bwana kabla ya Julai kwisha, jina la Ipole lifutwe.

Hapo ndipo kosa lilipoonekana, na Mama Getruda alilikiri mwenyewe mbele ya kikao cha wazee. Tangu mwaka 1951 alikuwa akiwaandika washirika chini ya jina la mzee wa kanisa anayewatembelea na kuwagawia kadi za kuingilia Meza. Ukoo hakuandika, wala mahali. Aliandika “Anton wa Mzee Dionis”, basi. Ilitosha, kwa kuwa Mzee Dionis aliwajua wote na nyumba zao. Sasa Mzee Dionis alikuwa katika kijiji kimoja, watu wake wamo katika viwili vingine, na akina Anton walikuwa tele kila kijiji.

Mama Getruda akawaza kwamba watu wamehama, lakini mizinga yao ya nyuki haikuhama. Msimu wa asali ungewarudisha katika msitu uleule, na asali yao ingeletwa mjini kupimwa. Basi Mei na Juni yote aliketi kwenye ghala la asali, daftari magotini. Waleta asali walimtania: “Mama Karani, kanisani kumekauka hata unafuata nyuki?” Aliwajibu kwamba anawafuata waliohama bila kuaga.

Aliyemsaidia kuliko wote ni Mzee Mabruki, fundi bati, mwenyeji wa mjini na Mwislamu wa swala tano. Yeye ndiye aliyewatengenezea warina asali madebe, na kila debe aligonga alama ya mwenye debe. “Wewe una majina bila watu,” alimwambia, “mimi nina watu bila majina. Haya, tuanze.” Wakaanza, alama kwa jina, jina kwa kijiji.

Julai ilipokaribia kwisha walikuwa wamepatikana sabini na mmoja. Meza ilitandikwa ndani ya bani la kukaushia tumbaku, jengo pekee lililowatosha. Watu wa vijiji vitatu walikumbatiana, na chafya zikaanza tangu wimbo wa kwanza. Mzee Dionis alipiga saba katika sala moja, kisha akaitikia “Amina!” kama anayegomba. Wapo waliolia pia, maana mahame hayasahauliki kwa mwaka mmoja, wala kwa kumi. Jina la Ipole halikufutwa. Leo usharika huo una karani wake, Bi Apolinaria, anayeandika jina la mtu, ukoo wake na kijiji chake.

Mama Getruda anahamia Bukene, kwa binti yake. Tunamshukuru kwa kila jina aliloliandika, na zaidi kwa yale aliyoyatafuta upya. Mama, ukapumzike vyema, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na uamke saa uitakayo. Kikao kilikuwa kimepanga wazee wawili wamsindikize hadi kwenye treni. Watu wa Ipole wamekataa. Wanakuja wote, kwa kuwa, wamesema, safari hii ni zamu yao kumfuata.