Moja Mara Tatu: Maisha ya Dada Yetu, Daktari wa Macho

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ndiye kitinda mimba wa familia hii, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, daktari wa macho, na naomba mnivumilie, maana sauti yangu leo si ya kuaminika.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati alikofanya kazi mama. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha udaktari, alikohitimu tarehe 20 Novemba 1979, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimshonea koti jeupe lenye mifuko mikubwa kupita kiasi, dada akalivaa mpaka likapauka. Aliajiriwa mwaka 1980 katika hospitali ya mkoa, akarudi chuoni kusomea macho, na tangu hapo watu walioingia kwake wakiongozwa kwa mkono walitoka wakimtafuta aliyewaleta kwa macho yao wenyewe.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na daktari wa watoto, shemeji yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti na mwana, wapwa zangu, ambao walikua wakigombezwa kwa mwandiko mbaya na wazazi wawili ambao miandiko yao iliwashinda hata wafamasia.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye tarehe 5 Oktoba 1996. Chama cha madaktari huongozwa na baraza, na kila mwaka wajumbe watatu humaliza muda wao, hivyo wanachama hukutana na kila mmoja huchagua majina matatu, wakati huo kwa kuweka alama ya vema kwa kalamu. Dada aligombea, na alikitaka kiti kile kwa moyo wake wote, ili baraza lipiganie madaktari wa macho wafike hospitali ndogo kama ile ya mama. Mimi nilikuwa nimempeleka, nikasimama mlangoni, nikaona yeye na daktari mmoja wa mifupa wakifungana kwa nafasi ya tatu, ikabaki karatasi moja yenye utata, isiyo na alama yoyote ila mbele ya jina la dada, ambapo mtu alikuwa ameandika 1×3, kama tunavyoandikiwa kwenye bahasha ya vidonge, yaani alitaka kumpa yeye peke yake kura zote tatu.

Ukumbi ulivunjika mbavu, msimamizi akasema nia iko wazi, ihesabiwe angalau kama kura moja, na kwa hiyo moja dada angeshinda. Dada akaomba kuiona, akaitazama, akasema, “Hii ni dozi, siyo kura, tena mwandiko huu naujua, na kura inayomtaja aliyeipiga siyo siri tena, iwekeni kando.” Ikawekwa kando, na kwa kuwa kanuni ilimpa kiti aliyetangulia kujiunga na chama, akakichukua daktari wa mifupa. Kicheko kilikatika, ukumbi mzima ukasimama, nami kabla ya siku ile sikujua kwamba mtu anaweza kujinyima kitu anachokitamani hivyo kwa sauti ya chini namna ile. Mwandiko ule ulikuwa wa shemeji, ambaye wenzake wanamwita Moja Mara Tatu mpaka leo.

Mwaka uliofuata chama kilimwomba dada awe msimamizi wa uchaguzi, akaondoa kalamu zote, akaleta muhuri na kidau cha wino, ili mkono wa mtu usijulikane, na kwa kuwa msimamizi hagombei, hakugombea tena. Niliwahi kumuuliza kama iliuma, akasema iliuma sana.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 6 Juni mwaka huu shemeji aligombea baraza, na sanduku la kura lilipoletwa wodini kwa wanachama wagonjwa, alitaka kuushika mkono wa dada uliokuwa ukitetemeka, lakini dada alimtoa nje, pazia likavutwa, akapiga muhuri mwenyewe. Jioni ilikuja habari kwamba shemeji ameingia kwa tofauti ya kura moja, akainama kitandani, akauliza, “Mke wangu, ulinipa?” Dada akasema, “Daktari, kura ni siri,” akacheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliopika na kufua kwetu bila kuombwa, na wanachama wenzake waliokuja wengi hivi. Shemeji bado anauliza, hata jana ameniuliza mimi, nami sijui, wala hakuna atakayejua. Pumzika kwa amani, dada, na siri yako ipumzike pamoja nawe.