Usta Bayumi na Panya wa Gari Namba Kumi na Nne

Asalaam alaykum, ndugu zangu wa gereji, madereva wa njia zote, na nyinyi mliohamia tawi la Mahalla mkatusahau. Hamjambo? Watoto hawajambo? Mafua ya msimu yamewapitia salama? Sisi huku Tanta hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila paka wa stoo amezaa ndani ya boksi la fani belti, na tangu Jumapili ya wiki iliyopita hakuna mwanamume aliyethubutu kuja kuchukua fani belti.

Kamati imeniomba mimi Inshirah, mtunza stoo, mnayeniita Mama Karima, niandike wasifu wa Usta Bayumi Ghuneim, fundi wetu wa umeme, anayestaafu Alhamisi tarehe 16 Oktoba baada ya kuutumikia Ushirika wa Teksi za Abiria Saba kwa miaka thelathini na minane. Nilisema mimi sikusoma sana. Mwenyekiti Rushdi akanijibu, "Andika kama unavyotusema hapo dirishani pako." Basi nimeandika hivyo, na lawama mpelekeeni yeye.

Usta alifika kwetu akitokea Basyun akiwa na miaka ishirini na miwili, bisibisi moja mfukoni na mfuko wa dengu za kukaanga mkononi. Bisibisi amebadilisha mara nyingi. Mfuko wa dengu haujawahi kumtoka. Akikutana na hitilafu, hutafuna dengu huku akiitazama dashibodi kama mtu anayesubiri mtoto mtukutu aungame mwenyewe. Sisi tulijifunza kuupima ugonjwa wa gari kwa dengu zake. Fyuzi iliyoungua ni dengu mbili. Boya lililokwama ndani ya tangi ni kiganja kizima. Gari namba kumi na nne, Mungu atusamehe, lilimaliza kilo.

Kazi yake kubwa ilikuwa geji, ile mishale ya dashibodi. Magari yetu mengi yana umri wa madereva wake, na yakizeeka huanza kusema uongo kama wazee wengine. Usta hakukimbilia kufungua kitu. Kwanza alimketisha dereva, akampa chai, akamwuliza: uongo huu ulianza lini, na siku hiyo ulifanya nini? Halafu alikwenda nyuma kwenye tangi, akachomoa waya mmoja, akaugusisha kwenye bodi. Mshale wa mafuta ukipanda, geji na waya ni wazima, mgonjwa ni boya ndani ya tangi. Usipopanda, alirudi mbele. Na kama geji mbili zinadanganya kwa pamoja, hakuzigusa kabisa. "Wakiumwa tumbo wawili katika nyumba moja," alikuwa akisema, "usiwapime matumbo. Kaonje chungu."

Dereva mmoja, simtaji kwa kuwa mkewe anasoma jarida hili, mshale wake wa spidi uliganda kwenye mia na ishirini. Mkewe alimkuta ameegesha mbele ya nyumba, akachungulia dirishani, akamwambia, "Ndiyo maana mahari yangu hujaimaliza. Unakimbia hata ukiwa umesimama." Usta aliutengeneza kwa tone moja la mafuta. Ile ndoa sijui waliitengenezaje.

Sasa niwaeleze habari ya namba kumi na nne, maana bila hiyo wasifu huu haukamiliki, na mimi mwenyewe nina la kuungama.

Gari hilo ni la Haji Mitwali Abu Samra, dereva wa njia ya Mahalla. Hana shamba, hana duka, ana hilo tu, na watu wanane wanakula kwa hilo. Kwa miaka kumi na moja geji zake zimekuwa zikimchezea. Akiwasha taa tu, mshale wa mafuta unapanda hadi tangi limejaa, na mshale wa joto nao unapanda kama mtu mwenye homa. Asubuhi za ukungu, wenzake wakiwasha taa, yeye alikataa. "Nikiwasha, gari linachemka," aliwaambia abiria. Abiria wakasoma shahada njia nzima. Na mafuta yakimpungukia aliwasha taa, akautazama mshale ukipanda, moyo ukatulia, akaendelea. Mara mbili alizimikiwa katikati ya mashamba ya pamba akiwa na tangi lililojaa kwa maneno. Mara ya pili alikuwa amebeba bwana harusi, na bwana harusi alifika ukumbini anasukuma.

Kila baada ya miezi michache Haji alimleta mgonjwa wake. Usta alitoa paneli ya geji, akafuata waya, akaukuta waya wa athi, ule unaourudisha umeme kwenye bodi, umetobolewa na kukatika nusu. Umeme wa taa ukikosa njia ya kurudi, unapita kwa jirani, na jirani ni geji. Akauunga, akaufunga, akawasha taa. Mishale ikatulia. Haji akambusu paji la uso, akaondoka. Baada ya wiki moja waya umetobolewa tena, sentimita mbili pembeni.

"Panya," alisema Usta.

Sisi sote tukakubali. Waya una alama za meno, atakuwa nani mwingine? Akaweka mtego chini ya dashibodi na kipande cha jibini. Mtego ulinasa kidole gumba cha abiria wa kiti cha mbele, mwalimu wa hesabu, ambaye mpaka leo anasafiri kwa treni. Akaazima paka wa stoo, akamlaza ndani ya gari mwezi mzima. Paka alikwenda Mahalla na kurudi akipakatwa na abiria, akanenepa, na habari za panya hakuleta. Kama mnashangaa wale watoto wa kwenye boksi baba yao yuko wapi, nadhani yuko kituo cha Mahalla.

Mwezi uliopita kamati ikasema basi. Usta anastaafu, na hakuna fundi mwingine anayezielewa geji za namna hii. Wakaandika kwamba namba kumi na nne ikifika siku ya kustaafu bado inadanganya, itaondolewa njiani na kuuzwa chuma chakavu. Haji Mitwali alikuja dirishani kwangu siku ile, hakuomba kitu, alisimama tu. Usta naye alimwambia Mwenyekiti, mbele yetu sote, "Sherehe yenu muiahirishe. Siwezi kula bata wa watu huku mwenzangu ananyang'anywa gari kwa ajili ya panya niliyeshindwa kumkamata." Mwenyekiti akasema bata wameshanunuliwa. Usta akasema basi wafugwe.

Wiki iliyopita alishinda na gari hilo mchana kutwa. Alibadilisha waya wote wa athi, mpya kabisa. Jumatano kabla ya adhuhuri aliwasha taa, mishale haikutikisika. Nusu tangi ikabaki nusu tangi. Haji akalia. Usta akafunga mkoba wake, akaenda kutawadha.

Hapo ndipo Haji alipokuja dirishani kwangu.

"Mama Karima, nipe skrubu moja. Ile yako ndefu."

Nikampa. Ndugu zangu, nimempa skrubu ile miaka kumi na moja, wala sijawahi kumwuliza ni ya nini. Mtu akiomba sindano humwulizi anashona nini. Lakini siku ile nilitaka kuiona mishale yenye adabu kwa macho yangu, nikatoka nikamfuata. Nikamkuta amefunua kile kitambaa cha manyoya kilichofunika dashibodi. Kitambaa hicho alikishona mkewe, na Usta, kwa heshima ya mke wa mtu, hakuwahi kukiinua hata siku moja. Chini yake dashibodi ilikuwa na matundu kama chujio. Haji alikuwa ameshika kiganja cha buluu cha kuzuia kijicho, anakifunga juu ya geji kwa skrubu yangu, anazungusha huku anasema bismillahi. Taa zilikuwa bado zinawaka. Skrubu ikazama, na mishale yote miwili ikainuka kwa pamoja.

Nilipiga kelele hadi paka akatoka kwenye boksi.

Usta alikuja mbio, maji yanamdondoka viwikoni. Akakiona kiganja. Akayaona matundu. Akaniangalia mimi, akaiangalia skrubu.

"Haji, hiki nini?"

"Kinga, Usta."

"Kinga ya nini?"

"Ya kazi yako. Umeitengeneza vizuri mno. Watu wakiziona geji za gari kuukuu zinafanya kazi namna hii, si watazitupia jicho?"

"Na kila nilipotengeneza ulifunga kinga?"

"Kila mara. Mimi si mtu wa kuiacha kazi yako uchi."

"Mbona sijawahi kuiona?"

Haji akainamisha kichwa. "Najua hupendi hirizi. Nikija kwako nazifungua zote, naficha chini ya kiti. Nakuheshimu, Usta."

Usta akaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa dengu, akautoa mtupu, akaurudisha. "Miaka kumi na moja," akasema, "nimemwekea mtego rafiki yangu." Halafu akanigeukia. "Na wewe, Mama Karima, ndiye uliyekuwa unampa meno."

Nimekwenda hija, ninaswali, nawakemea binti zangu wasivae ushanga wa buluu, kumbe mimi ndiye kiwanda. Nimetubu kwa Mola wangu na sasa natubu kwenu. Yule mwalimu wa hesabu nimempelekea sahani ya keki tamu ya basbusa kwa ajili ya kidole chake. Amepokea, ila amesema treni haachi.

Usta alianza kucheka polepole, kama injini ya asubuhi ya baridi, halafu ikashika. Akauunga waya, akauhamishia upande mwingine wa bodi ambako hakuna skrubu ya binadamu inayofika. Akamwambia Haji, "Kazi yangu ukiihofia, isomee sura za Falaq na Naas. Hizo hazitoboi." Na kiganja cha buluu, kwa kuwa mama mkwe wa Haji ndiye aliyekinunua na hakuna aliyejitolea kumrudishia, kimefungwa kwa uzi kwenye kioo.

Ikabaki hukumu ya kamati. Jumamosi, Mwenyekiti Rushdi alipanda mwenyewe namba kumi na nne, kiti cha mbele, baada ya kukagua kwanza chini ya dashibodi kama kuna mtego. Mimi na Usta tukakaa nyuma. Tulikwenda Mahalla taa zikiwaka mchana kweupe, watu wanatupungia mikono kutuonya. Mishale haikuyumba. Wakati wa kurudi, mshale wa mafuta ukaanza kushuka. Ukafika kwenye mstari mwekundu. Ukauvuka.

"Haji, mafuta," alisema Mwenyekiti.

"Usijali, Mwenyekiti. Inadanganya."

"Si tumekuja kuhakikisha kwamba haidanganyi?"

Haji akafungua mdomo kujibu, na hapo gari likakohoa mara mbili na kuzimika, nusu kilomita kabla ya gereji yetu, mbele ya muuza miwa.

Tulikuwa tunautazama mshale. Umelala sufuri, na tangi ni sufuri. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, geji na tangi vilikuwa vinasema neno moja. Usta alishuka wa kwanza, akaweka mabega nyuma ya gari, na machozi yalikuwa yanamtoka. Haji akashuka. Mwenyekiti akavua koti, akaliweka juu ya manyoya, akashuka pia. Mimi niliachiwa usukani kwa kuwa ni mama wa watu, na ndivyo nilivyoingia gerejini, nikiendesha namba kumi na nne inayosukumwa na mwenyekiti wa ushirika, watu wanapiga makofi wakidhani ni harusi.

Mwenyekiti aliandika uamuzi palepale juu ya boneti, jasho linalowesha karatasi: gari libaki njiani, geji zake ni za kweli, dereva wake afundishwe kuziamini.

Bata wameachiliwa kutoka kifungoni na watapikwa kwa mlukhiya, mboga yetu ya mlenda, Alhamisi baada ya adhuhuri, uani mwa gereji. Zawadi ya Usta tumeshaiandaa. Tumeuchukua ule mtego wa panya, tumeupaka rangi ya dhahabu, tumeupigilia kwenye ubao. Kwa skrubu fupi.

Usta Bayumi, ahsante kwa miaka thelathini na minane ya kuyafundisha magari yetu kusema kweli. Mola akupe afya, akuwekee boya lako juu na joto lako katikati, na asipate njia mtu wa kukutoboa. Basyun si mbali. Ukisikia harufu ya dengu za kukaanga, ujue sisi tumekukumbuka.

Nanyi wasomaji, mpishi anataka idadi ya watu kabla ya Jumanne, na watoto wanne wa paka wanatafuta pa kulelewa. Nijibuni upesi.

Mama Karima, dirisha la stoo.