Kondoo wa Mwalimu Mwaija

Tarehe 30 Juni, 1998, Mwalimu Mwaija Semboja anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, kumi na minane kati yake hapa shuleni kwetu, Chanika. Mwalimu Mkuu amesema mimi mlinzi ndiye niandike, kwa kuwa nilikuwepo siku ya kondoo. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema nilichokiona tu.

Alianza kazi Makuyuni, Korogwe, mwaka 1965. Alipohamia hapa Handeni alipewa kusimamia nidhamu, na shule nzima ilimwogopa. Lakini mwenyewe hakushika fimbo. Kiranja wa zamu ndiye aliyechapa, yeye akihesabu.

Agosti 1995, Kaika wa darasa la saba alichukua maji ambayo watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameyabeba kichwani kutoka bwawani, akawanywesha ndama wake. Ndoo sita. Kosa lilikuwa kubwa, hakuna aliyebisha. Zamu ilikuwa ya Shamimu, binti wa darasa la sita. Alimchapa viboko vinne mbele ya shule nzima.

Kumbe Kaika alikuwa ametoka jandoni likizo ya Juni. Kwa wafugaji, watu wa kwao, alikwisha kuwa mwanamume, na mwanamume hachapwi na msichana. Mwalimu hakulijua hilo. Hata mimi sikulijua, pamoja na kuishi na makabila yote kwenye kambi za mkonge.

Kesho yake watoto wa wafugaji hawakuja hata mmoja. Kati yao walikuwemo watahiniwa kumi na mmoja wa darasa la saba, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mzee Nkoitiko, mkuu wa boma lao, akatuma neno kueleza hayo: hawarudi. Tulipigwa na butwaa. Mwalimu mmoja akashauri majina yao yafutwe. Mwalimu Mwaija akamwambia, "Ukifuta, futa na langu."

Jumamosi alimfungua kondoo jike aliyemfuga mwenyewe, akaniambia twende bomani kuomba radhi. Nilidhani sikusikia vizuri. Mwalimu wa nidhamu aombe radhi? Sokoni watu walimcheka: "Mwalimu, Idi imewahi?" Akawajibu, "Kwangu imewahi, nyie subirini yenu." Njiani kondoo akagoma. Nilimbeba begani nusu ya safari.

Kule bomani alisema, "Shikamoo mzee. Kosa la kijana lipo. La kwangu ni kubwa zaidi, nimelileta." Mzee Nkoitiko alimtazama kondoo, akamtazama mwalimu. Kisha akasema, "Marahaba. La kwako limekwisha. La kijana liachie rika lake."

Jumatatu walirudi wote. Kaika alitangulia na ndoo ya maji kichwani, na nyuma yake vijana wa rika lake, waliotoka naye jandoni, kila mmoja na ndoo yake. Vijana ambao kwao maji ni kazi ya wanawake! Hakuna aliyewagusa hata sikio kuwalazimisha. Shule ilibaki mdomo wazi, na Shamimu akalia. Waliwabebea darasa la kwanza maji mpaka siku ya mtihani, na wote kumi na mmoja waliufanya.

Tangu hapo Mwalimu aliweka marika katika kila darasa. Mmoja akikosea, wenzake humkalisha chini kwanza, halafu adhabu huibeba pamoja naye. Utoro ulipungua, matusi yakapungua. Hayakwisha, tusidanganyane.

Kaika hakufaulu. Lakini Januari hii alimleta mdogo wake, Nashilu, kuanza darasa la kwanza, akataka Mwalimu Mwaija mwenyewe amwandikishe. Alipoambiwa kwamba Mwalimu anaondoka Juni, alisimama pale ofisini kama aliyemwagiwa maji. Mwisho akauliza, "Na mwalimu mwingine akitukosea, nani atakuja bomani?"

Swali hilo sasa ni letu tunaobaki.

Asante, Mwalimu. Mungu akujalie mvua za kutosha huko nyumbani, wajukuu wasikivu, na siku nyingi za kupumzika.